Chai ya Tanga, Ndizi za Bukoba

Kwetu Tanga ni nadra mtu kukuuliza kama umekula kifungua kinywa. Atakuuliza, "Umeshakunywa chai?" Ukijibu ndiyo, anaelewa kwamba umekula mihogo ya nazi, au mbaazi na mahamri, au vitumbua vinne vya moto, na kikombe kikasindikiza. Chakula chote hicho tunakiita kitafunwa, kana kwamba ni kitu kidogo tu cha kuushughulisha mdomo wakati chai inapoa. Lakini aliyemaliza sahani ya mbaazi saa moja asubuhi anajua mwenyewe: mpaka saa nane mchana tumbo halimsemeshi.

Mimi nimekulia kwenye chai ya namna hiyo. Mume wangu amekulia Bukoba, na kwake chai ni chai, yaani kile kilichomo ndani ya kikombe. Chakula ni ndizi. Ndizi za kupika, zikiwa na maharage, au utumbo, au nyama, zimerojeka kidogo na mchuzi wake uko humo humo sufuriani. Huko wanaziita katogo, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, jina ni hilo hilo na asubuhi ndiyo saa yake. Mara ya kwanza nilipomwekea mahamri mezani aliyala yote, akashukuru vizuri kabisa, halafu akaniuliza kwa adabu zote, "Na chakula?"

Tulicheka sana siku ile. Tulikuwa wachumba bado, na mchumba kila kitu chake kinachekesha. Baada ya harusi mambo yakabadilika, kwa sababu ndani ya nyumba asubuhi inakuja kila siku, na kila siku lazima kitu kikae mezani. Kitu gani? Cha nani? Hapo ndipo msomaji wangu unapogundua kwamba hukuolewa na mtu mmoja. Umeolewa na mtu pamoja na sufuria ya mama yake.

Saa moja na nusu tu

Ngoja nikueleze ratiba yetu, maana naamini wengi wenu mtajiona humo. Tunaishi Kimara, Dar es Salaam. Mimi natoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi, narudi saa mbili usiku, siku za kuchapa gazeti hata saa nne. Mwenzangu anafanya kazi ya zamu. Mwaka juzi alipangiwa zamu ya jioni kwa miezi mingi mfululizo: anaondoka saa nane mchana, anarudi saa saba usiku mimi nimeshalala. Piga hesabu mwenyewe. Chakula cha mchana kila mtu kwake. Chakula cha jioni mimi peke yangu na televisheni. Kilichobaki ni asubuhi, tangu saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu.

Na hiyo asubuhi yenyewe tulikuwa hatuitumii. Yeye amelala usingizi wa mtu aliyeingia usiku wa manane, mimi naoga kimya kimya nisimwamshe, natoka nimebeba viatu mkononi. Kazini nanunua chapati na supu kwa mama lishe. Yeye akiamka saa nne anakunywa chai ya rangi kavu. Tukawa tunaonana kwa meseji: umeme umebaki uniti ngapi, gesi imeisha, fundi bomba anakuja lini. Ukizisoma zile meseji ungedhani ni wapangaji wawili wanaochangia mita moja ya LUKU.

Wakati huo huo alikuwa ameondokewa na mama yake, mama mkwe wangu. Tulizika Bukoba, tukarudi, zamu zikaendelea. Mwenzangu si mtu wa kusema sana, na msiba ulimfanya aseme kidogo zaidi. Jumapili moja tukiwa wote nyumbani, nimekaanga mayai na kupaka mkate siagi, akaniambia bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Unajua mke wangu, siku hizi hakuna mahali naweza kwenda nikanywa chai ya kwetu."

Nilielewa. Hakuwa anadai ndizi. Alikuwa ananiambia jiko gani limezimika.

Basi tukakubaliana mambo mawili. La kwanza lilikuwa gumu kwake: ataamka saa kumi na mbili na nusu tule pamoja, halafu mimi nikiondoka arudi kulala. La pili lilikuwa gumu kwangu: mezani hakutakuwa na chai ya Tanga peke yake wala chai ya Bukoba peke yake. Tutatafuta ya kwetu.

Sheria ya kitu kimoja

Nimeona watu wengi wakitaka "kuboresha" kifungua kinywa wanakimbilia supamaketi. Wananunua nafaka za kwenye boksi, soseji na jamu, wiki ya pili wanachoka, mfuko umetoboka. Sisi tulijiwekea sheria rahisi: chukua chakula unachokijua tangu utoto, kisha badilisha kitu kimoja tu. Kama ni kiungo, basi kiungo. Kama ni kile kinacholiwa nacho, basi hicho. Kama ni namna ya kupika, acha vingine vyote kama alivyofanya mama.

Kwa nini kimoja? Kwa sababu ukibadilisha vitatu, ulimi unapotea njia. Chakula cha asubuhi kinatakiwa kimtambue mtu kabla hajaamka vizuri. Akionja, aseme "hii naijua," halafu ndiyo ashangae, "lakini kuna nini humu?" Mshangao mdogo unatosha kuanzisha mazungumzo, na mazungumzo ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta.

Mbaazi zikutane na ndizi

Jaribio letu la kwanza lilikuwa hilo: katogo ya Bukoba, lakini badala ya maharage niliweka mbaazi za nazi za kwetu. Kitu kimoja tu kimebadilika, ila kimetoka pwani kikaenda mpaka ziwani.

Usiku loweka vikombe viwili vya mbaazi kavu kwenye maji mengi. Kesho yake jioni mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka ziive ziwe laini bila kupondeka. Kazi hii ifanye jioni, si asubuhi, maana mbaazi hazina haraka na mtu. Zikishapoa weka kwenye friji. Asubuhi menya ndizi bukoba nane au tisa, ukianza kwa kupaka mafuta mikononi ili utomvu usikugande, na zitupe kwenye maji yenye limao zisibadilike rangi. Kwenye sufuria kaanga kitunguu, weka nyanya moja, nusu kijiko cha chai cha binzari ya manjano na pilipili mbichi nzima usiyoipasua. Tia ndizi na tui jepesi la kuzifunika, chumvi, funika, ziache kama dakika ishirini na tano. Zikilainika, ingiza mbaazi. Mwisho mimina kikombe cha tui zito, punguza moto, koroga polepole wala usifunike, maana tui likichemka kwa fujo linakatika. Likishaanza kutokota mara mbili tatu, epua.

Siku ya kwanza mwenzangu alikula kimya. Mimi namwangalia tu, naona saa inakimbia, nasubiri hukumu. Akafika nusu ya sahani akasema, "Mama alikuwa anaweka na nyanya chungu."

Msomaji wangu, hakuwa amelitaja jina la mama kwa miezi mitatu. Nikauliza aliweka ngapi, zikiwa nzima au amezikata, alizitia mwanzo au mwisho. Akaanza kueleza, na katika kueleza akafika kwenye jiko la nje, moshi wake, mbwa wao aliyekuwa anajua saa ya chakula, na wadogo zake waliokuwa wanagombania ukoko. Siku ile nilifika kazini nimechelewa, na sikujali. Kesho yake nyanya chungu zilikuwemo, zimekatwa nusu na kutiwa pamoja na ndizi. Uchungu wake kidogo unakata utamu wa nazi, na sasa sijui kuipika bila hizo.

Vitumbua vyenye chumvi

Kitumbua ni mfalme wa mwambao, na kila mtu anajua ni kitamu, yaani kina sukari na hiliki. Mwenzangu tatizo lake na vitamu vya asubuhi ni kwamba havimshibishi, vinamlaza. Sheria ya kitu kimoja ikafanya kazi: tukaondoa sukari.

Loweka vikombe viwili vya mchele kwa usiku mzima, au angalau saa sita. Chuja, saga kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja na robo cha tui mpaka uji uwe laini kabisa, usihisi chenga kati ya vidole. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha hamira, kijiko kimoja cha chai cha sukari, ambacho ni chakula cha hamira wala si cha kwako, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Acha uumuke mpaka uone mapovu juu. Sasa tia karoti moja iliyokunwa, kitunguu kilichokatwa vidogo sana, pilipili hoho na majani ya giligilani. Choma kwenye chuma cha vitumbua kwa moto wa wastani, mafuta kidogo kila shimo, geuza pembeni zikiwa kahawia.

Anayetaka kushiba zaidi atie nyama ya kusaga iliyokwishaiva na kukauka mchuzi, au dagaa wa kukaanga waliovunjwavunjwa. Kama unataka kuchoma asubuhi kabla ya kazi, saga usiku, weka nusu tu ya hamira, na uji ulale kwenye friji. Utaumuka taratibu, na ladha yake itakuwa na uchachu mdogo unaopendeza.

Nilipompelekea shangazi yangu wa Tanga vitumbua hivi alivigeuza mara mbili mkononi. "Hivi vitumbua au sambusa zimekosa adabu?" Akala sita.

Chapati ya rangi ya dhahabu

Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vimeenea sana masokoni kwetu, na rangi hiyo ndiyo ushahidi wa faida yake: mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Wengi tunavichemsha na kuvila na chai, basi. Jaribu kuviingiza kwenye chapati. Chemsha, menya, ponda mpaka vilainike, na kwa kila vikombe viwili vya unga wa ngano tia kikombe kimoja cha kiazi kilichopondwa, chumvi na kijiko kikubwa cha mafuta. Maji weka kwa kuogopa, kijiko kwa kijiko, kwa sababu kiazi chenyewe kina maji. Kanda, pumzisha nusu saa, sukuma na choma kama kawaida. Chapati inatoka laini, na hata ikilala mpaka kesho haigeuki ngozi ya ngoma.

Waganda wana chapati yao ya mtaani inayoitwa rolex. Jina halihusiani na saa za bei mbaya, limetokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa. Wanakaanga mayai na kabichi na nyanya, wanayalaza juu ya chapati, wanaviringisha, unakula ukitembea. Sisi tunaifanya kwa chapati ya viazi lishe, na ndani badala ya kabichi tunaweka maharage ya jana yaliyokauka mchuzi. Siku ambazo nimechelewa kweli, hii ndiyo naipanda nayo mwendokasi, imefungwa kwenye karatasi. Lakini sheria ya nyumba inasema angalau chai tuimalize tumekaa.

Na kama kwenu kuna ndugu wanaotoka Kagera mwishoni mwa mwaka, hasa Novemba na Desemba, huenda mmeletewa senene. Watu wa pwani tunawaangalia kwa mashaka. Mimi nilianza kwa kutia kiganja kimoja cha senene waliokaangwa wakakauka ndani ya mayai yangu ya kuvuruga, pamoja na kitunguu. Wanatoa mlio kama karanga chini ya meno. Sasa mwenzangu akiletewa kifurushi anakificha, maana anajua nani atakimaliza.

Kiporo nacho kipewe heshima

Kuna watu wakisikia kiporo wanaona aibu, kana kwamba ni chakula cha shida. Jamani! Nusu ya wasomi wa nchi hii wamekwenda shule wakiwa na wali wa kiporo tumboni. Kiporo ni kifungua kinywa ambacho jana imekupikia bure.

Wali wa nazi wa jana usiupashe tu. Uponde kidogo kwa mwiko, vikombe viwili, changanya na mayai mawili, vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano, kitunguu, pilipili mbichi na maziwa kidogo, upate rojo zito kuliko la chapati za maji. Mimina kwa upawa kwenye kikaango chenye mafuta machache, tandaza, geuza upande wa kwanza ukishashika. Pembeni zinakuwa na ukoko, katikati laini. Kula na kachumbari yenye ndimu nyingi.

Ila hapa niseme neno la afya, na lisikilizwe. Wali uliopikwa ukiachwa mezani usiku kucha kwenye joto la Dar es Salaam unaweza kuwa hatari. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye vijidudu vyake vinastahimili kupikwa, na wali ukikaa na uvuguvugu vinaamka na kutoa sumu. Sumu hiyo ukishapasha moto haiondoki. Kwa hiyo wali unaotaka uwe kiporo utandaze upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na kesho yake uishe. Kama friji huna au umeme umekatika, pika wa kutosha jioni ile tu, asubuhi tafuta kingine. Mapenzi hayaponyeshi tumbo la kuhara.

Uji wa watu wazima

Uji wa ulezi tumeuachia watoto wachanga na wagonjwa, na tumekosea sana. Ulezi una madini mengi ya chokaa kuliko nafaka zetu nyingine za kawaida, una chuma, na unakaa tumboni. Usiku koroga vijiko vinne vikubwa vya unga wa ulezi na kikombe cha maji na vijiko viwili vya mtindi, funika mpaka asubuhi. Utapata uchachu mzuri bila kungojea siku tatu. Pika kwa maji au maziwa, na ukishaiva tia kijiko cha karanga zilizosagwa na ndizi mbivu iliyopondwa badala ya sukari.

Kitu chetu kimoja cha mshangao hapo ni unga wa ubuyu, ule mweupe wa Dodoma usiotiwa rangi. Kijiko kimoja kikubwa kwa bakuli, baada ya kuepua na uji kupoa kidogo, kwa kuwa ubuyu una vitamini C na moto mkali unaiharibu. Vitamini C inausaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye ulezi, na pia kwenye mbaazi na maharage. Ndiyo maana utaona ndimu, kachumbari au chungwa havikosi kwenye meza yetu.

Na sasa habari ambayo wenzangu wa Tanga hawatanisamehe: chai yenyewe inafanya kinyume. Majani ya chai yana kemikali zinazouzuia mwili kuchukua chuma cha kwenye nafaka na kunde. Kwa mwenye damu ya kutosha si jambo la kutisha. Lakini dada unayeambiwa kila mara kliniki kwamba damu iko chini, au mnayetarajia mtoto, kula kwanza, chai isubiri kama saa moja. Mimi yangu nakunywa nikifika ofisini. Nyumbani tunakunywa juisi ya ukwaju au maji yenye ndimu, na bado tunasema "tumekunywa chai."

Asubuhi huandaliwa jioni

Mtaniambia, "Dada, hayo yote saa ngapi?" Swali zuri. Hakuna hata kimoja hapo juu kinachoanza asubuhi. Mchele unalowekwa usiku, mbaazi zinachemshwa jioni, kiazi kinapondwa jana, unga unalala na mtindi. Asubuhi ni kuunganisha tu, dakika ishirini na tano, thelathini. Kuloweka kunde pia kunapunguza muda wa kupika, na anayenunua gesi kwa fedha yake anajua hiyo maana yake nini. Mbaazi zetu tunachemsha za wiki nzima mara moja, tunazigawa kwenye vibakuli na kuzigandisha. Mkaa tumeachana nao, kama serikali ilivyotuhimiza ilipozindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

Kisha kuna suala la nani anafanya nini. Mimi jioni naloweka na kuchemsha kwa kuwa ndimi niliye nyumbani. Yeye asubuhi anamenya ndizi, kwa kasi ambayo mimi sitaifikia hata nikiishi miaka mia, na anasimamia chuma cha vitumbua kama mtu wa mwambao kabisa. Jirani mmoja alimwona dirishani amejifunga khanga anageuza vitumbua, akamwuliza kama mke kasafiri. Akajibu, "Yupo, anaoga. Karibu chai." Jirani akaingia, akala, na wiki iliyofuata mke wake akanisimamisha kwenye ngazi kuniuliza tumemfanya nini mumewe, mbona anataka kuingia jikoni.

Sisemi kwamba sahani ya ndizi inaponya msiba au inarekebisha zamu. Zamu ya mwenzangu ilibadilika baadaye kwa uamuzi wa wakubwa zake, si kwa uwezo wa mbaazi. Na mama hakurudi. Lakini kwa ile saa moja tulikaa meza moja tukiangaliana usoni, tukajua mwenzako leo kaamkaje, kinamsumbua nini, kinamchekesha nini. Kuna wanandoa wanaoishi nyumba moja ambao taarifa hizo wanazipata kwa ndugu.

Na tumepata kitu ambacho hakikuwepo Tanga wala Bukoba. Mwezi uliopita mdogo wake alikuja kututembelea, nikampikia ndizi za mbaazi zenye nyanya chungu. Alipomaliza akauliza hiki ni chakula cha wapi. Mwenzangu hakunisubiri nijibu. "Cha Kimara," alisema, akamwongezea.

Kwa hiyo Ijumaa hii jioni, kabla hamjazima taa, muulize mwenzako alikunywa chai na nini alipokuwa na miaka saba. Muulize nani alikuwa anapika, na kilikuwa kinaliwa na nini. Msikilize mpaka mwisho, halafu nenda ukaloweke.